Kabla hujafungua faili kwa daktari wa familia

Mgonjwa mpya akifika kwetu, mtu wa kwanza kukaa naye ni mimi. Ni muuguzi, nampima presha, uzito na urefu, namwuliza maswali ambayo wengine huyaona ya umbea, kisha naandika ukurasa wa kwanza wa faili lake kabla hajaingia kwa daktari. Nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi, na siku hizi naweza kukisia mapema ni nani atatoka chumbani amehudumiwa vizuri. Si lazima awe msomi wala mwenye bima kubwa. Ni yule aliyekuja na dawa zake zote kwenye mfuko, tena akaja akiwa mzima.

Wengi hufungua faili siku wameshikwa. Homa imepanda, kichwa kinagonga, jina linaandikwa haraka haraka na daktari anashughulika na homa. Ndivyo inavyotakiwa, huwezi kumhoji mtu habari za babu yake huku anatetemeka. Ila siku hiyo hakuna anayekumbuka kusema kwamba aliwahi kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, au kwamba mama yake alipata kiharusi mapema. Faili linabaki na mstari mmoja: homa, siku mbili.

Ukija mzima, tunaandika hali yako ya kawaida: presha yako ukiwa umetulia, uzito, vipimo vya figo na sukari kama daktari ataona vinahitajika. Siku hiyo namba hizo huonekana hazina kazi. Kazi yake huja baadaye. Tuseme kipimo cha figo kimerudi kiko juu kidogo. Swali la kwanza la daktari ni kama kimepanda mwezi huu au kiko hivyo tangu zamani. Kama kimepanda ghafla, ni jambo la leo leo. Kama kiko palepale kwa miaka, kitafuatiliwa taratibu. Bila kipimo cha nyuma hakuna wa kukujibu, na utarudishwa maabara ili kupata tu kitu cha kulinganisha.

Kuna wanaodhani daktari wa familia ni daktari ambaye hajaufikia ubingwa. Sivyo. Marekani, kwa mfano, ilitambua tiba ya familia kuwa ubingwa kamili mwaka 1969, na katika nchi nyingi daktari huisomea kwa miaka kadhaa baada ya shahada yake ya kwanza ya udaktari. Ubingwa wake ni wa mtu, si wa kiungo. Anaangalia goti, usingizi, ujauzito, kikohozi cha mtoto na sukari ya bibi, kisha anajua lini aseme hili limenizidi, nenda kwa bingwa wa moyo.

Na faida ya kubaki na daktari mmoja haikutungwa na watu wa mapokezi. Norway ina utaratibu wa orodha tangu 2001, ambapo mkazi huandikishwa kwa daktari wake. Watafiti wa huko walichambua taarifa za watu zaidi ya milioni 4, matokeo yakachapishwa 2022. Waliokuwa na daktari yuleyule kwa zaidi ya miaka 15, wakilinganishwa na waliokuwa na daktari wao kwa mwaka mmoja tu, walikuwa na uwezekano wa kufariki uliopungua kwa takriban asilimia 25, na wa kulazwa kwa dharura uliopungua kwa takriban asilimia 28. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba daktari ndiye aliyewaokoa. Anayekaa na daktari mmoja miaka yote hiyo huenda ana maisha yaliyotulia pia. Lakini nakiona kila siku kwenye mafaili: daktari anayekufahamu hahitaji kuanza upya, na hubaini upesi kwamba leo hauko sawa.

Kwa hiyo, kabla ya kujaza fomu, uliza kwanza. Je, orodha yao bado inapokea watu wapya? Nitamwona daktari yuleyule kila nikija, au yeyote aliye zamu? Nikizidiwa usiku au siku za mapumziko, nampigia nani? Majibu ya vipimo nayapataje? Dawa za kila mwezi zikiisha, lazima nimwone daktari au naagiza tu? Habari ya malipo iulize bila haya: bima yangu mnaipokea, na ni vitu gani bima hailipii, maana mara nyingi barua za kazini na fomu za shule hulipiwa mfukoni. Wakikujibu kwa hasira kabla hata hujawa mgonjwa wao, umeshapata jibu la swali ambalo hukuliuliza.

Sasa dawa, jambo ninalolikazania kuliko yote.

Usiniletee orodha iliyo kichwani. Usiniambie "vile vidonge vyeupe vidogo vya presha", maana nusu ya vidonge vya dunia nzima ni vyeupe na vidogo. Chukua mfuko, pita chumbani, jikoni, kwenye mkoba na kwenye droo, utie kila unachomeza, unachopaka, unachovuta na unachodondosha machoni. Tia na mitishamba, vitamini, dawa ya usingizi uliyogawiwa na jirani, na ile ya maumivu unayojinunulia mwenyewe. Usivimimine vidonge kwenye chupa moja. Viache kwenye maboksi yake, hata kama boksi limekunjamana.

Mzee mmoja alinimwagia mfuko wake mezani. Niliyapanga maboksi kwa mstari, nikawa sisomi yale majina makubwa ya kibiashara bali maandishi madogo yaliyo chini yake. Boksi la bluu na boksi jeupe yalikuwa na majina yasiyofanana hata herufi, lakini chini yote mawili yaliandikwa dawa moja ya presha: amlodipini, miligramu 10. La bluu alipewa alikokuwa akitibiwa zamani. Jeupe alilipata alipolazwa mahali pengine, na siku ya kuruhusiwa hakuna aliyemwambia aache lile la kwanza. Nikamwomba avue soksi. Mpira wa soksi ulikuwa umezama kwenye ngozi, na nilipobonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo cha mguu, shimo lilibaki.

Miguu kuvimba ni madhara yanayofahamika ya amlodipini, na huwapata watu zaidi dozi ikiwa kubwa. Kwenye mstari ule kulikuwa na boksi jingine: furosemidi, dawa ya kukojosha maji.

"Mzee, hii ulianza lini?"

"Baada ya miguu kuanza kujaa, mwanangu."

Angekuja mikono mitupu, angeniambia anatumia dawa mbili za presha na moja ya maji. Ningeandika hivyohivyo, na lisingeonekana kosa lolote, maana watu wengi kweli hutumia dawa mbili za presha na moja ya maji. Kosa lilionekana kwa sababu maboksi yalikuwa mezani.

Hapo niongeze onyo: ukigundua nyumbani kwamba una maboksi mawili ya dawa moja, piga simu kliniki au kwa mfamasia siku hiyohiyo, lakini usiamue mwenyewe kuacha zote. Presha iliyoachiwa ghafla nayo ina hatari zake. Na kagua dawa zako za mafua. Nyingi zina parasetamoli ndani, kwa hiyo mtu anameza za mafua, anameza na za kichwa, bila kujua anarudia kitu kilekile. Kwa mtu mzima kikomo cha kawaida ni gramu 4 kwa saa 24, na mwenye matatizo ya ini huhitaji pungufu ya hapo.

Kuhusu aleji, nitakuuliza dawa gani, ilikuwa lini, na ikakufanya nini hasa. "Nina aleji na penisilini" haijitoshelezi. Ulivimba midomo? Ulitoka mabaka? Ulibanwa pumzi? Au ulichafukwa na tumbo tu? Kuchafukwa tumbo ni usumbufu wa dawa, mara nyingi si aleji. Nchini Marekani takriban mtu mmoja kati ya 10 ameandikiwa kwamba ana aleji ya penisilini, lakini wenye aleji ya kweli hawafiki asilimia 1 ya watu wote. Waliobaki hunyimwa dawa nzuri maisha yao yote kwa neno lililoandikwa walipokuwa watoto. Ila usijijaribu mwenyewe nyumbani. Mwambie daktari, kuna namna ya kupima.

Karatasi za nyuma zilete, ila zichague. Ninachotaka ni barua za kuruhusiwa hospitali, ripoti za upasuaji, majibu ya vinyama vilivyopimwa, picha za moyo, kadi ya chanjo na ya kliniki ya uzazi. Risiti baki nazo. Kliniki ya zamani isipotaka kutoa faili zima, omba nakala au muhtasari wa ukurasa mmoja au miwili. Mara nyingi muhtasari husomwa kwa makini kuliko bahasha nene.

Kisha waulize wakubwa wa ukoo. Wanaougua wengi hujua jina la ugonjwa wa wazazi wao, lakini umri hawaujui, na umri ndio habari yenyewe. Baba aliyepata shambulio la moyo akiwa na miaka 80 hamwambii daktari mengi kuhusu wewe. Baba au kaka aliyelipata kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65, anabadilisha namna utakavyofuatiliwa. Ni hivyohivyo kwa saratani ya matiti au ya utumbo mpana: ndugu wa karibu akiugua mapema, wewe huenda ukaanza vipimo mapema kuliko wengine. Kama ulilelewa na watu wasio wazazi wako na huzijui habari hizi, sema hivyo tu. Hilo nalo linaandikwa.

Siku yenyewe ya miadi, njoo mapema kidogo, si kwa ajili ya fomu tu. Watu huingia wanahema, wamepanda ngazi wakiongea na simu, wananyosha mkono nipime presha. Namba nitakayopata ni ya ngazi. Nusu saa kabla, usivute sigara, usinywe kahawa, usifanye mazoezi. Pita chooni, maana kibofu kilichojaa hupandisha presha. Kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote sakafuni, miguu usiipishanishe, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo. Vaa nguo yenye mkono unaopandishwa bila kubana. Na wakati mashine inajaza, tusiongee. Najua una habari nzuri, utanipa baadaye. Presha ikitoka 140 kwa 90 au zaidi, bado si hukumu. Tutarudia siku nyingine au tukuombe upime nyumbani, isipokuwa iwe juu sana au uje na dalili.

Ndani kwa daktari muda ni mfupi kuliko unavyofikiri. Uchambuzi uliochapishwa 2017, uliokusanya taarifa za nchi 67, ulikuta wastani wa kumwona daktari wa ngazi ya msingi unaanzia sekunde 48 Bangladesh hadi dakika 22 na nusu Uswidi, na karibu nusu ya watu duniani wako kwenye nchi ambazo wastani ni dakika 5 au pungufu. Miadi ya kwanza kwa kawaida hupewa muda zaidi, hilo nalo liulize ukipanga siku. Lakini hata iwe ndefu, haitoshi mambo tisa. Andika matatu, anza na lile linalokunyima usingizi.

Watu hawafanyi hivyo. Wanaanza na lililo jepesi. Mgonjwa anaeleza mafua, anaandikiwa dawa, anasimama, anashika kitasa cha mlango, ndipo anageuka: "Ah, daktari, halafu kuna damu naiona chooni." Au: "Kuna kivimbe hapa, sijui." Lile ndilo lililomleta. Daktari mzuri atamrudisha kwenye kiti, lakini aliyeko nje anasubiri, na jambo zito linazungumzwa wima. Kama unaona aibu kulitamka, liandike kwenye karatasi umpe, au uniambie mimi wakati nakupima uzito. Nitaliandika juu kabisa ya ukurasa, na daktari ndiye atakayekuuliza.

Maswali kuhusu pombe, sigara, dawa za kulevya, idadi ya wapenzi, na kama nyumbani uko salama, huulizwa kila mtu. Hatukukutazama usoni tukakushuku. Mtu anayekunywa kila siku akisema hanywi, anaweza kuandikiwa dawa isiyopatana na pombe, na hasara ni yake.

Hapa nakuja kwenye jambo ambalo kliniki za familia hujaribiwa nalo kila wiki: siri. Kwa kuwa daktari ni wa familia, wengine hudhani faili nalo ni la familia. Kila mtu ana lake. Mume akinijia dirishani, "Sista, majibu ya mke wangu yametoka?", namjibu kwa heshima kwamba shemeji mwenyewe atakuja au atapigiwa. Haijalishi kwamba yeye ndiye mlipaji. Mama akitaka kujua binti yake mkubwa alikuja kwa lipi, jibu ni lilelile. Kwa vijana ambao bado ni watoto kisheria, kanuni hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo waulize daktari na kijana wako wote wakiwepo: ni mambo gani yatabaki kati yao wawili, na ni yapi mzazi ataambiwa? Msishangae daktari akimwomba mzazi atoke nje dakika chache.

Kinyume chake pia kipo. Ukitaka mtoto wako au dada yako awe anapigiwa simu kwa niaba yako, tuandikie, utie saini. Wazee wengi hufikiri tunajua tu. Hatujui, na bila karatasi hiyo tutamkatalia hata anayekuuguza usiku na mchana. Hakikisha pia namba ya simu iliyo kwenye faili ni yako mwenyewe; simu moja ya nyumba nzima ndiyo inayovujisha siri nyingi kuliko muuguzi yeyote.

Kabla hujatoka kwa daktari, mrudie ulichoelewa kwa maneno yako: nitameza hii asubuhi, ile nimeacha, nirudi baada ya wiki fulani. Si mtihani. Mara nyingi katika kurudia huko ndipo daktari anagundua kwamba hakueleza vizuri. Kisha uliza: majibu nisipoyasikia, ni lini nipige? Usikubali lile la "ukiona kimya ujue ni salama." Kimya huweza kuwa sampuli imepotea, namba ya simu imekosewa, au karatasi imekaa kwenye trei ya mtu aliye likizo. Weka tarehe, ikipita piga.

Rufaa, fupi tu. Kuna nchi ambazo humwoni bingwa bila barua ya daktari wa familia, na nyingine unakwenda moja kwa moja. Hata unapoweza kwenda mwenyewe, chukua barua, na muhimu zaidi, mwambie bingwa amwandikie daktari wako majibu. Boksi la bluu na boksi jeupe hukutana kwenye mfuko mmoja pale madaktari wawili wasipoandikiana.

Na kuna mambo ambayo hayangoji miadi. Maumivu ya kifua yanayobana, upande mmoja wa mwili kulegea ghafla au mdomo kwenda upande, kushindwa kupumua, damu isiyokatika, mtoto mchanga mwenye homa, mtu anayetaka kujiua: hayo ni ya idara ya dharura, sasa hivi. Kliniki utaiarifu baadaye.

Ukimwona daktari mara mbili tatu na mkawa hamwelewani, badilisha. Hatununi, hutokea, na wengine huhamia tu kwa daktari wa chumba cha pili. Usihame kimya lakini. Hakikisha kwanza hakuna majibu wala rufaa inayoning'inia, omba muhtasari wa faili na orodha ya dawa ya karibuni, na uwe na dawa za kukufikisha hadi miadi ya huko uendako. Muuguzi wa huko atakuuliza kwa nini umehama. Hahitaji jina la mtu. Mwambie tu kilichokushinda, kwa mfano kwamba ulikuwa hupigiwi simu majibu yakitoka, ili aandike juu ya ukurasa kwamba wewe unataka kupigiwa.